Ya Kwanza ya Ofisi, ya Pili Yako

Ndugu waombolezaji, kabla sijaanza kusoma, nani kati yenu ana kitambulisho mfukoni, akitoe, akitazame vizuri, kisha aniambie bila aibu: huyo aliyekodoa macho kama mtu aliyefumaniwa na kijiko kwenye sufuria ya watu ni wewe kweli?

Marehemu wetu, ambaye mji mzima ulimwita Shangazi Pumua, alitumia miaka arobaini na mitano kulijibu swali hilo.

Alizaliwa Ijumaa, tarehe 9 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa tatu wa karani wa mizani na mshona magunia, na tangu utotoni, kwa ushahidi wa kaka yake, alikuwa na tabia ya kumtazama mtu kwa utulivu mpaka mtu akakiri kosa ambalo hajalitenda. Alisoma shule ya msingi iliyo ng'ambo ya reli kuanzia Januari 1959 hadi Novemba 1966, akafaulu, lakini uwezo wa nyumbani ulikuwa wa kumpeleka sekondari mtoto mmoja tu, akaenda kaka, jambo ambalo marehemu hakulilalamikia hadharani, ingawa kila kaka alipokosea hesabu alimuuliza kwa upole kama shule ile ilikuwa na walimu au madirisha tu.

Tarehe 3 Februari 1969 aliajiriwa katika studio ya fundi picha mmoja mashuhuri, kazi yake ikiwa kusahihisha negativu kwa penseli, yaani kufuta chunusi, makunyanzi na makovu kabla picha haijasafishwa, na kwa wepesi wa mkono wake wateja walitoka humo laini kama mayai. Mwezi Aprili 1971 akaja mama muuza mkaa, akapigwa picha, na marehemu, akidhani anamfanyia hisani, akalifuta kovu lililotoka sikioni hadi kidevuni, mama yule aliipokea picha, akaigeuza huku na huku, akairudisha mezani, akasema, "Binti, kovu hilo nililipata nikimtoa mwanangu motoni, sasa ukilifuta si umemrudisha ndani?"

Penseli ile hakuigusisha tena uso wa mtu. Alimsihi fundi ampe kamera kwa dakika tano, akamkalisha mama upya, mama akakakamaa kama mlango, picha ya kwanza ikatoka ya mlango kweli, lakini pale mama alipodhani kazi imekwisha, akashusha pumzi, mabega yakalegea, macho yakarudi nyumbani, marehemu akabonyeza tena. Kuanzia siku hiyo alikuwa akisema kwamba uso wa mtu haupigwi, unangojewa.

Katika studio hiyohiyo, mwaka 1976, fundi seremala mmoja alikuja kupigwa picha ya leseni, akarudi mara nne akidai kwamba macho yake yametoka yamefumba, na mara ya tano mwenye studio akamwambia, "Kijana, macho yako mazima, sema lililokuleta." Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 14 Agosti 1976, wakajaliwa watoto wawili, binti ambaye leo ni mkunga, na kijana ambaye ni fundi umeme, na seremala huyo alimtengenezea mkewe fremu mpaka alipotangulia mbele ya haki mwaka 2011.

Tarehe 2 Mei 1979 marehemu alifungua studio yake mwenyewe, chumba namba 14 katika jengo la soko, yenye stuli moja, pazia la kijivu na kioo chenye ufa, na humo kila aliyefuata picha ya kitambulisho alipigwa mbili, ya kwanza masikio nje na meno ndani kama ofisi inavyotaka, kisha marehemu akisema, "Haya, imekwisha, pumua," na kumbe haijaisha, akiipiga ile ya pili, ambayo aliitoa bure, akisema, "Ya kwanza ya ofisi, hii yako."

Mpwa wake mmoja, mwenye digrii ya upper second na uzoefu wa miaka sita wa kungoja simu, alipigwa humo picha za maombi ya kazi mara kumi na tisa, na kila aliporudi na ile barua ya we regret to inform you, marehemu hakumpa pole, alizipanga zile za pili mezani, akamwambia, "Waliokukataa walimwona yule wa masikio, huyu bado hawajakutana naye."

Novemba 2023 aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo, akalazwa tarehe 20 Mei 2024, na wiki moja baadaye, akiwa wodini, ofisi ya soko ikalifunga jengo kwa ukarabati, ikatia kufuli yake chumba namba 14, na tarehe 10 Juni ikaezua mabati, hivi kwamba makasha arobaini na moja ya viatu, yenye negativu za picha zote za pili za mji huu, yamekaa chini ya turubai lililochanika. Familia iliandika barua tatu, ikajibiwa kwamba suala letu liko kwenye process. Process hiyo haina miguu, mawingu yanayo. Marehemu alipoambiwa, alicheka kidogo, akasema, "Yule meneja wa soko msimchukie, mimi nilimwona alipopumua."

Aliaga dunia Jumanne, tarehe 18 Juni 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa binti yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, ambao wawili kati yao walimletea picha zao za pili kitandani wakazitundika ukutani, majirani waliopika na kuchota maji bila kuombwa, na mafundi picha wenzake, ambao wamejitolea kuzisafisha upya negativu zote na kumrudishia kila mtu uso wake, kazi ambayo mpwa ataanza nao mara tu mlango utakapofunguka.

Shangazi, kazi umeimaliza, sasa pumua, pumzika kwa amani.

Nawe, bwana meneja wa soko, uliyekaa mstari wa pili na tai yako ya bluu, mwaka 1994 ulikuja chumba namba 14 kupigwa picha ya kuombea kazi hii, na shati la kuazima, na kwenye kasha la mwaka huo yumo kijana anayecheka mpaka jino la mwisho. Jumatatu saa mbili kamili asubuhi, kabla mvua haijamfuta, njoo na ufunguo, umtoe.