Trekta Dogo na Zana ya Saizi ya Heshima

Mgeni rasmi, ndugu yetu Sosaia Lolohea, Mwenyekiti wa Umoja wa Wana wa Halafonua waishio Auckland;
Mchungaji wetu mpendwa;
Mama Lupe, mama mzazi wa mgeni rasmi;
Shangazi Pisila, mwenyekiti wa kikundi chetu na dada wa marehemu baba wa mgeni rasmi;
Wanakijiji wote, wake kwa waume:

KARIBU NYUMBANI

Sisi wanachama wa Kikundi cha Wakulima wa Trekta Moja tunakupokea kwa mikono miwili. Tunajua bahari ya kati ya mji mkuu Nuku'alofa na kisiwa chetu cha 'Eua haikukuonea haya. Jana uliposhuka kwenye feri ulikuwa umepauka kama muhogo uliomenywa, na waliokupokea wanasema salamu yako ya kwanza nyumbani uliitoa ukiwa umekumbatia nguzo ya gati. Leo tunakuona umepata rangi yako, umejifunga mkeka wa heshima kiunoni kama mtu wa kwenu, nasi tumefarijika.

Nguruwe wako chini ya mawe ya moto tangu alfajiri, na kwaya imefanya mazoezi mpaka majirani wakaomba amani. Tunakuomba utuvumilie tusome kabla ya chakula, maana aliyekula nguruwe wa Halafonua hasikilizi risala, husinzia nayo.

TULIKOTOKA

Mgeni rasmi, kikundi hiki kilizaliwa siku ile Umoja wenu ulipotuletea trekta. Ni trekta dogo, nguvu za farasi ishirini na tano, jekundu, na siku lilipofika watoto walilikimbilia wakidhani limekuja kuwachezesha. Kabla ya hapo tulilima kwa jembe la mkono na kwa farasi wawili wazee ambao walikuwa wakifanya kazi siku walizopenda wao.

Trekta lilikuja peke yake, bila zana. Tukamtuma mzee Kelepi Nuku'alofa akachague plau. Hapa lazima tuseme ukweli wetu. Sisi ni watu ambao hatujawahi kumpelekea mkubwa kitoto cha nguruwe. Kiazi kikuu kirefu kuliko vyote ndicho kinachotangulia mbele kanisani, na mwenye kifupi hukificha nyuma ya mkewe. Kelepi aliingia dukani na moyo huohuo. Muuzaji alipomwuliza trekta letu lina nguvu kiasi gani, Kelepi aliona anachimbwa mambo ya nyumbani, akanyoosha kidole kwenye plau kubwa kuliko yote yaliyokuwapo, la diski tatu pana.

Dereva wetu ni Fane, binti ambaye ulimi wake mnaujua hata nyinyi mlioko ng'ambo. Fane alilifunga plau lile, akavuta mkono wa kulinyanyua. Plau halikunyanyuka. Kilichonyanyuka ni magurudumu ya mbele, na Fane akajikuta ameelekea mawinguni.

"Mzee Kelepi," akaita kutoka huko juu, "umeninunulia plau au ndege?"

"Kaza moyo, mwanangu. Kizito ndicho kinacholima."

"Basi njoo ukae hapa kwenye boneti. Uzito wako tunaujua."

Kelepi akaja kweli, akakaa kwenye boneti akiwa amevaa shati la kanisani, na wanaume wawili wakamfuata. Trekta likashuka, likasogea kidogo, diski zikazama, injini ikakohoa ikanyamaza. Fane alishuka na uso umemwiva. Hakuwa amemkasirikia Kelepi. Alikuwa amewaahidi wajane watatu kuwalimia wiki ile, na mmoja wao alikuwa amesimama pale na mbegu zake kwenye kikapu.

Ndipo Shangazi Pisila, ambaye alikuwa amekaa ukingoni mwa shamba anasuka mkeka, akasema bila kuinua macho: "Nguruwe huchaguliwa kwa ajili ya wageni. Zana huchaguliwa kwa ajili ya trekta."

TULIYOYAFANYA

Mgeni rasmi, kupotea njia ndiko kujua njia. Plau lile tulilirudisha dukani, na safari hii Fane alikwenda mwenyewe. Kabla hajaondoka, Shangazi aliamuru trekta lipimwe kama anavyopimwa bibi harusi. Tulipima kutoka ukingo wa nje wa gurudumu moja la nyuma hadi ukingo wa nje wa la pili, tukapata futi nne kasoro kidogo. Kumbe elimu yote ilikuwa imelala hapo. Zana ikiwa nyembamba kuliko magurudumu, trekta linakanyaga na kushindilia udongo uliokwisha kulimwa. Ikiwa pana kupita kiasi, injini inazidiwa, au mikono ya nyuma inayobeba zana inashindwa kuinyanyua, au trekta linapiga magoti ya nyuma kama lilivyompigia Fane. Kwa hiyo uliza magurudumu, uliza injini, uliza mikono. Mdomo wa Kelepi uulizwe mwisho.

Kwa elimu hiyo tuna plau la diski mbili linaloingia ardhini kama kisu kwenye papai. Tuna mashine ya kufyekea ya futi nne, na vichaka vilivyokuwa vimemeza makaburi ya zamani sasa vimerudi kuwa nyasi.

Tuna pia keekee la kuchimbia mashimo ya viazi vikuu, na hilo nalo lilikuwa na vita yake. Wanaume walitaka lenye mdomo mpana.

"Shimo pana, kiazi kinene," alisema Kelepi.

"Na pini ya keekee itakayokatika kila shimo utaiweka wewe?" Fane akamjibu. "Kiazi hakitaki sebule, baba. Kinataka kina."

Tulichukua jembamba. Msimu uliopita kiazi kilichotangulia mbele ya madhabahu kilibebwa na watu wawili kwenye mti, na kilitoka kwenye shimo la keekee jembamba. Waliotoka vijiji vingine walikitazama kwa muda mrefu kuliko walivyomtazama mhubiri, mchungaji atusamehe.

Leo hakuna mjane wa Halafonua anayelima kwa mkono kama hapendi. Wanakuja watu wa mbali kutuuliza kabla hawajanunua zana, na anayewapokea ni Kelepi huyohuyo, futi ya kupimia ikiwa shingoni, hata msibani haivui. Hatusemi haya kwa majivuno. Au tuseme, kwa majivuno kidogo.

LINALOTUKWAZA

Plau linapindua udongo, lakini linaacha madongoa, na madongoa bado tunayaponda kwa jembe la mkono. Ndiyo maana tuliomba rotaveta, ile zana ya visu vinavyozunguka na kuusaga udongo ukawa unga. Wewe, mgeni rasmi, ulifanya linalompasa muungwana: ulipiga simu kuuliza. Simu ikampata Kelepi ameketi kwenye duara la wanywaji wa kava, wanaume wote wa kijiji wamemzunguka.

"Baba Kelepi, niwaletee ya saizi gani?"

Mzee wa watu aliijua saizi. Futi ilikuwa shingoni mwake. Lakini duara zima lilikuwa linamtazama, na mtu wa Halafonua ataombaje kidogo mbele za watu?

"Saizi ya heshima, mwanangu," akajibu.

Mgeni rasmi, hapo wewe huna kosa hata la punje. Uliambiwa heshima, umeleta heshima. Iko hapo nje imefunikwa kitambaa cha magome, nasi hatukukifunua, kwa maana si adabu. Lakini walioishusha kwenye feri wana midomo, na futi ya Kelepi ilijipenyeza chini ya kitambaa yenyewe. Ni futi sita. Inataka trekta lenye nguvu maradufu ya hili letu.

Fane alipopata habari hakufoka. Alikaa juu ya tairi la trekta, na Fane asiyefoka anatutisha kuliko Fane anayefoka. Alikuwa amemwahidi Mama Lupe kwamba rotaveta ikifika, shamba la kwanza kusagwa litakuwa lake, kwa sababu magoti yake hayamruhusu tena kuinama juu ya madongoa.

Unalijua shamba lile. Upande mmoja ni bonde, na njia ya kuingia ni moja tu, ile inayopita kati ya safu mbili za minazi aliyoipanda marehemu baba yako kwa kipimo cha gari lake la farasi. Trekta letu linapita hapo bila kugusa. Zana ya futi sita haipiti. Fane alikwenda kumweleza mama yako, na mama yako hakufikiri hata kidogo.

"Kateni safu moja," akasema.

"Mama, ile ni minazi ya marehemu."

"Naijua. Mimi ndiye niliyeishika miche yeye akifukia. Lakini mwanangu ameitoa zawadi hii kwenye jasho lake, na zawadi ya mtoto haigeuzwi mlangoni. Kateni ipite."

"Hata ikipita, Mama, haitasaga. Visu vikigusa tu ardhi, injini itazima."

"Basi na izimie ndani ya shamba langu, isizimie barabarani watu wakamcheka mtoto wangu."

Msumeno umekwisha kuazimwa. Upo kibarazani kwa Mama Lupe, ameufunika kwa shuka yake, na Jumatatu ndiyo siku aliyoitaja.

Tuseme wazi, mgeni rasmi, kwa mazoea yetu tungefanya nini. Leo tungekupigia makofi. Jumatatu tungeikata minazi tukiwa hatutazamani usoni. Zana ingelala chini ya turubai, na kila ukipiga simu tungekwambia inalima vizuri sana. Sisi ndivyo tulivyo, na wewe ni mwenzetu, unajua kwamba ndivyo tulivyo. Hilo limetuuma kiasi kwamba tumekosa usingizi, na ndilo lililofanya risala hii iandikwe mara mbili.

TUNALOOMBA

Tulikuwa na maombi mengi: vipuri, banda la trekta, mafunzo kwa dereva wa pili. Hayo tumeyaweka kando. Leo tuna moja.

Jana jioni Shangazi Pisila alifika kwa Fane, akatukuta wanakikundi tumekaa kama wafiwa.

"Mmemwambia Sosaia?"

"Nani amwambie, Shangazi?" Fane akasema. "Mtu ametoka ng'ambo na zawadi yake, umwambie ni kubwa mno?"

"Minazi ile aliipanda nani?"

"Kaka yako."

"Basi tafuta kalamu, uandike ninavyosema. Usinilainishie maneno."

Hatukuyalainisha. Haya ndiyo maneno yake:

"Sosaia, mwana wa kaka yangu. Wewe umekaa mbali, lakini hujasahau shangazi ni nani. Shangazi akikiona kitu cha mtoto wa kaka yake na moyo ukakipenda, anakichukua, na mtoto anasema ahsante. Ulipooa nilichukua mikeka mizuri kuliko yote, ukacheka. Tangu uvuke bahari sijakuchukulia kitu. Leo nimekipenda hicho kilichofunikwa hapo nje. Nakichukua. Si cha kikundi tena, ni changu, na sijakirudisha kwako, kwa hiyo hakuna aliyeikataa zawadi yako.

"Sasa sikia nitakavyofanya na mali yangu. Kijiji cha jirani wana trekta kubwa, na kuna mtu aliwaletea rotaveta ya futi nne. Wanasaga katikati, halafu magurudumu yanakanyaga pembeni. Nimeongea nao. Wataichukua ya futi sita, sisi tutachukua ya futi nne. Kijiji chao kitajua ilitoka kwako, nitahakikisha wanajua, wewe unanijua nikitaka watu wajue jambo.

"Ulileta kikubwa, na watu wote wameona kuwa ni kikubwa. Hiyo imetosha. Kaka yangu hakuacha nyumba ya mawe wala jina kwenye ubao. Aliacha minazi ile. Msumeno hautaigusa nami ni hai."

Mwisho wa maneno ya Shangazi.

Mgeni rasmi, kwa sheria yetu jambo limekwisha, kwa maana Shangazi akichukua amechukua. Lakini yuko mtu mmoja ambaye hajakubali. Mama Lupe ametuambia asubuhi hii kwamba hatamdhalilisha mwanawe kwa neno la wifi, na msumeno hauondoki kibarazani mpaka asikie kutoka kinywani mwako wewe mwenyewe.

Ombi letu ni hilo. Utakaposimama kujibu, usianze na salamu za viongozi. Mgeukie mama yako, amekaa pale karibu na mlango, umwambie minazi ibaki. Umwambie kwa sauti, kwa maana sikio lake la kushoto limechoka, na ndilo lililoelekea upande wetu huu wa ukumbi.

Mungu akulinde ardhini na majini, hasa majini. Ailinde nyumba yako ya Auckland na watoto wako wapate kuja wakaijue njia ya shamba la babu yao. Aibariki mikono iliyotoa, na mikono iliyochukua.

Ni sisi,
Kikundi cha Wakulima wa Trekta Moja, Halafonua, 'Eua.

Imesomwa kwa niaba ya wanakikundi na Nunia Tau, katibu, ambaye sasa anaketi ili wewe usimame.