Mkunjo wa Nne

Waombolezaji wenzangu, mimi ni mdogo wake marehemu, yule dobi wa duka la kona ambaye wengi wenu leo mmevaa mashati niliyoyapiga pasi kwa mkono wangu, na nimesimama kwa niaba ya familia kuwasomea maisha ya dada yangu, kurasa mbili tu, nilizozinyoosha asubuhi hii kwa pasi ya uvuguvugu, maana dada hakupenda karatasi yenye makunyanzi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1967, katika chumba cha nyuma ya duka hilohilo, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili wa dobi na mkewe, na kabla hajajua kusoma alishajua kukunja shati kwa mikunjo mitatu ya baba, mkono wa kushoto, mkono wa kulia, kisha pindo juu, basi, wala baba hakutaka kusikia habari ya mkunjo mwingine. Alianza shule ya msingi Januari 1974, akaingia sekondari mwaka 1981, ambako wenzake walimwita Pasi kwa sababu alikuwa wa moto na hakuguswa ovyo, na mwaka 1987 akajiunga na chuo kikuu kusoma kemia, akahitimu Novemba 1990.

Mwaka 1991 ningependa kuuruka, lakini haurukiki. Mama, akiwa na miaka hamsini na mmoja, alianza kuongeza mkunjo wa nne, akiingiza kola ndani ya kifua cha shati, wateja wakarudisha nguo, baba akamgombeza miezi minne mizima kwa uzembe, na hata alipolazwa na mikono yake ikaendelea kukunja shuka, moja, mbili, tatu, nne, tulisema mkono wa dobi hauachi kazi, tukacheka. Familia nyingine ingemkimbiza kwa daktari siku ya kwanza, sisi tulimletea nguo zaidi akunje. Alifariki tarehe 2 Septemba 1991, na siku ya mazishi mama mkubwa alitunong'oneza kwamba bibi yetu mzaa mama naye alikufa akikunja vilevile, na bibi hakuwa dobi, alikuwa karani.

Dada hakulia siku ile, aliuliza maswali, na maswali yale yakampeleka masomoni ng'ambo mwaka 1993, akarudi na shahada ya udaktari wa sayansi mwaka 1998, na tarehe 1 Februari 1999 akaanza kazi katika maabara ya chuo, kuchunguza jinsi protini zinavyojikunja. Alinieleza akiwa amekalia kapu la nguo chafu, kwamba protini ni uzi wa shanga unaojikunja wenyewe ndani ya maji, bila dobi wala pasi, shanga zinazokimbia maji hujificha ndani, zinazoyapenda hubaki nje, sehemu nyingine husokotana kama kamba, nyingine hulala bapa ubavu kwa ubavu kama mashati kabatini, kisha misokoto na bapa hizo hubanana hata maji yasipate pa kupita, na uzi hutulia hapo kwa sababu hapo ndipo nishati yake imeshuka, kama maji yanavyotulia bondeni. Ila utulivu huo ni mwembamba, alisema, joto kidogo tu huuvunja, na kwa baadhi ya protini lipo bonde jingine, lenye kina zaidi, ambalo uzi ukiteleza humo hautoki tena, na mbaya zaidi huzifundisha nyuzi jirani kujikunja vibaya kama wenyewe. Hicho ndicho kilichotokea ubongoni mwa mama. Nikamwuliza, na ule uzi wa kwanza unafundishwa na nani, akasema hakuna anayeufundisha, nikamwuliza kuhusu mkunjo wa nne, akanikemea kwamba protini haijui shati, nisimletee ushirikina.

Tarehe 22 Julai 2000 alifunga ndoa na fundi wa mafriji, shemeji yangu huyu aliyeketi mbele, na hapa watu husema hawakujaliwa watoto, mimi sitasema hivyo, walikataa kwa kukubaliana, kwa kuwa kosa lile la uzi kujikunja vibaya lilikuwa la kurithi na kila mtoto wa mama alikuwa na nusu ya uwezekano wa kulibeba. Alimpenda binti yangu kama wake, lakini mezani alimtazama mikono kuliko uso, hata mtoto akazoea kuificha.

Tarehe 6 Mei 2016 tulitolewa damu mimi na dada ili kupimwa kosa lile, yakaja majibu katika bahasha mbili, yake akaifungua akiwa amesimama, akaisoma, akarudi kazini, yangu nikaitia kwenye droo ya meza ya pasi, ipo huko hadi leo. Binti yangu ana mimba ya miezi mitano, ameniomba mara tatu niifungue, kwa kuwa nisipokuwa na kosa lile mimi, na yeye hana, na kila mara amenikumbusha kwamba mficha maradhi kilio humfichua, nami kila mara nimejitia kuwa na nguo za wateja.

Tarehe 17 Novemba 2023 dada alivua koti la maabara, akalikunja, mkono, mkono, pindo, kisha kola ndani. Aliliona mwenyewe, akaandika tarehe daftarini, akanipigia simu nije nitazame, na safari hii hakusema kwamba protini haijui shati. Maneno yalimwisha Februari, miguu Aprili, mikono haikumwisha, nami nilikaa kando ya kitanda nikikunjua alichokunja, naye akikunja tena, hadi tarehe 9 Juni 2024, saa nane mchana, alipofariki akiwa na miaka hamsini na saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza bila kumdanganya, majirani waliotupikia, na wenzake wa maabara pamoja na wanafunzi wake thelathini na wawili, ambao ndio uzao wake.

Kurasa hizi zilikuwa mbili. Wa pili huu uko mkono wa kulia, wa kwanza nauona sasa hivi katika mkono wa kushoto, umekunjwa kushoto, kulia, chini, na ukingo wake wa juu umeingizwa ndani, na sikumbuki kuukunja. Nilitaka kuwaambia kwamba mimi ni dobi, mkono wa dobi hauachi kazi, lakini ndivyo tulivyosema kwa mama. Ninaogopa, ndugu zangu. Binti yangu, tukitoka makaburini twende dukani, mimi, wewe na mama yako, droo haina kufuli.

Dada, mikono yako imetulia. Pumzika kwa amani.