Kadi za Mama Evelina

Marehemu dada yangu Evelina ǁEwa alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 Kwa Mtoro, mtoto wa pili wa mzee ǁEwa na mama Marselina. Hiyo mistari miwili ya wima ni kidoko, mlio wa ulimi wa Kisandawe. Ishikeni hapo, tutairudia.

Alisoma hadi darasa la nane, akajifunza kupiga chapa mjini Dodoma. Tarehe 18 Julai 1964 alifunga ndoa na marehemu Tadeo, karani wa stesheni ya Zuzu. Siku ya posa Tadeo alijaribu kulitamka jina la mkwewe mara saba, akashindwa mara saba. Baba alicheka hadi machozi, akasema huyu atafaa.

Mwaka 1987 aliajiriwa kwenye mradi wa kukusanya maneno ya wazee wa Kisandawe. Kila neno lilikuwa na kadi yake, pamoja na jina la mzee aliyelitoa. Vidoko alivichora kwa kalamu, maana taipureta haikuwa navyo. Kadi zilifika 3,412, na wengi wa wazee hao wameshatangulia.

Mwaka 1994 ikaja kompyuta. Kadi zote zikaingizwa, na mkuu wa mradi, Bwana Cornel, akaagiza masanduku ya kadi yakachomwe ofisi ipate nafasi. Evelina akaomba aone kwanza. Jamani! Kila kidoko kilikuwa kimegeuka alama ya kuuliza. Akaketi juu ya sanduku.

"Bosi, nichomeni na mimi humo humo."

"Mama Evelina, kompyuta haikosei."

"Haya, isome jina la baba yangu."

Bwana Cornel, ambaye yuko nasi hapa na ametuambia tusimfiche, alitazama skrini, kisha akawaambia wapagazi wayarudishe masanduku.

Fundi Castory alieleza kwamba mashine ina nafasi mia mbili hamsini na sita tu za herufi, na zote zimejaa. "Zote zina watu?" dada akauliza. Wakakuta herufi za Ulaya ambazo pale ofisini hakuna aliyewahi kuzitumia. "Wapangaji gani hawa hawalali ndani? Watupishe!" Castory akachora vidoko kwenye nafasi zao, naye dada akaziingiza upya kadi zote kwenye kompyuta kwa miezi kumi na minne, huku kisukari kikimla macho.

Kuanzia Januari mwaka huu hali ilizidi kuwa mbaya. Tunawashukuru sana wauguzi waliomvumilia, maana kila asubuhi aliwauliza wao, "Kadi zimekaa pakavu?" Alifariki Jumamosi, tarehe 14 Agosti 1999, saa nne asubuhi.

Duka la uchapaji lilipoichapa ratiba hii, kidoko kilitoka herufi ya Kizungu, kwa sababu mashine yao haina michoro ya Castory. Wana wa dada wakasema liachwe pengo. Kila kidoko mnachokiona kimechorwa kwa mkono, kwenye nakala zote mia mbili na kumi. Vidole vyenye jasho viangalieni, wino bado mbichi.

Ameacha watoto wawili, Ritha na Bartolomayo, wajukuu watano, na mimi mdogo wake, Dorothea.

Dada, kapumzike kwa amani. Nimepita ofisini jana, nimeyafungua masanduku yote. Ni makavu.