Masine Yenye Kunyamaza Wakati Udongo Inatikisika

Mugeni rasmi, Tata Directeur Numbi, wewe mwenye kuchunga usalama ya mine, huu mugodi ya nyuma ya shule. Bakubwa wote wenye mulifika naye. Mama Directrice wa shule yetu. Batata na bamama wa Camp Mukuyu: sisi bazazi ya darasa ya kwanza tunawasalimia.

Ni mimi Mama Tshibola nasoma, juu bamama balisema sauti yangu inafika mbali. Masomo yangu ilikomea ku primaire. Nikikosa neno, batoto batanisahihisha. Banapenda sana ile kazi.

KARIBU

Tata Directeur, tangu asubuhi bamama banafagia juu yako. Tunajua uko na kazi mingi, na leo uliacha yote ukuje wewe mwenyewe kutuletea karte rezo mpya. Kwa wale wenye hawajue: karte rezo ni kipande kidogo, haitoshi hata kufunika kiganja. Inakaa ndani ya masine na kuipatia njia ya kutuma habari. Tunaiona pale juu ya meza, imefungwa na utepe. Ni mzuri. Hatujapata kuona kipande ya masine ikisindikizwa na magari mingi namna hii.

HISTORIA

Camp yetu ilijengwa juu ya bafanyakazi ya kampuni ya zamani. Bamoja kati yetu, bazee yao balitoka kaskazini ya Katanga. Bengine, kama baba yangu Muamba, baliletwa kutoka Kasai ku kazi. Kisha kampuni ikaanguka, na miaka ile ya tisini bakatuambia sisi ba Kasai turudi kwetu. Mi nilizaliwa hapa. Nililala ku gare ya treni na mama yangu, nikamuuliza kwetu ni wapi. Akasema, "Nyamaza, treni itatuonyesha." Treni ilituonyesha, hatukuona kitu, tukarudi.

Nyuma ya ile miaka mine mpya ikafika. Mwaka jana shimo yake ilihitaji avenue mbili za chini, pamoja na nyumba zake. Jirani zetu balilia, baliomba babakie. Katapila haikungoja. Sasa shimo iko nyuma ya darasa ya kwanza. Katikati kuko ukuta na njia ya kupita mbuzi. Sisi hatukufukuzwa, juu mine haina haja na fasi yetu. Tuliambiwa udongo yetu iko nguvu.

Na juu tusiwe na wasiwasi, mulituwekea masine mu kona ya darasa. Kazi yake ni kusikiliza udongo. Ikisikia inatikisika, inatuma habari mpaka ku bureau yenu, na bureau njo itasema kama tuhame ao tubakie.

MAFANIKIO

Masine inafanya kazi vizuri sana siku yenye hakuna kitu. Taa yake ya kijani inawaka, inasikia batoto bakiruka kamba, inatuma. Mukipiga baruti ya midi, ile ya saa sita ya kupasua mawe, taa inazimika. Siku ingine inawaka tena yenyewe. Siku ingine inangoja Ingénieur.

Ingénieur Stany, mwenye kukaa pale karibu na Tata Directeur, tunamushukuru mbele ya batu yote. Hakuchoka. Alisema ni waya, akabadilisha waya. Alisema ni courant ya umeme, akaleta batri. Alisema ni vumbi, akapuliza. Alisema ni panya. Alisema ni programu ya ndani, akaifuta na kuirudisha, batoto bakishinda inje. Mwisho akasema ni batoto, akaizungushia chuma na kufuli.

Ile siku ya kufuli, Mama Fidélie, mwenye kuuzisha bitumbula, yale maandazi ya mviringo, ku mulango ya shule, alimuuliza:

"Tata Ingénieur, na baruti, mulisha kuiwaza?"

"Mama, baruti haiingie mu karte."

"Ku kwangu inaingia bila kubisha hodi. Karte njo iko na mulango nguvu kupita yangu?"

Ingénieur alicheka, lakini ni mutu ya kusikia. Kesho yake alifungua ile chuma, akakaa mu kiti ya mutoto, magoti ku kidevu, akangoja midi. Baruti ikalia. Taa ikazimika mbele ya macho yake. Akatuita, akatuonyesha na kidole: karte ilitoka kidogo mu fasi yake. Akaisukuma, taa ikawaka.

"Bamama," akasema, "karte haigonjwe. Inarushwa."

"Inarushwa na nini?"

Akaangalia ukuta, akafunga mufuko ya bifaa yake. "Mi niko mutu ya rezo. Ya ukuta, muulize batu ya ukuta."

Tunamuheshimu. Alisema kile anajua, na pale kilikomea alinyamaza.

MATATIZO

Tata Directeur, kiangazi yote, mu kila mukutano, mulitusomea kwamba udongo ya Camp Mukuyu haikutikisika. Hatuseme ni uongo. Masine njo ilisema vile. Kusema kweli, haikusema kitu. Wakati udongo inatikisika, karte inaruka, masine inanyamaza, na ku bureau ile kimya mulihesabu kama amani.

Ukuta ya darasa yenyewe haina karte, inatuma habari kila siku. Mwanzo wa kiangazi ufa yake ilikuwa kama uzi. Mutoto yangu Mignonne anasoma mu ile darasa. Siku moja nilimukuta anachomeka kalamu ndani ya ufa, anasema njo kabati yake. Nikamukataza. Akanijibu, "Mama, yangu iko kadogo. Ya mwenzangu Darlène inaingiza mpaka kitabu."

Sasa mvua imeanza. Maji inaingia mu ile ufa, na haitokee upande yetu. Kwenye inaenda, hatukujui. Tangu pale, baruti ikilia mi naacha sufuria ku moto na kukimbia ku shule, nikute kama ukuta ingali inasimama. Ninakuta bamama bengine kwenye njia.

MAOMBI

Karte mpya tunaipokea. Ingénieur anasema iko na visi za kuikaza, haitaruka tena. Basi itasema. Tunaomba kukuwe mutu ya kuisikia.

Tunaomba kimya ya kiangazi musiihesabu.

Tunaomba mutume batu ya ukuta na batu ya udongo, hata kama batakuja na gari moja tu, bila utepe. Bakisema tuhame, tutahama. Tata Directeur, sisi kufukuzwa tunakujua. Batoto ya hapa banazaliwa nako. Ni mara ya kwanza tunaomba sisi wenyewe, na bureau inatujibu kwamba tuko na haki ya kubakia.

Kwa kungojea jibu, tangu leo darasa ya kwanza itasomea mu kanisa ya Baprotestanti. Bamama ba Katolika nabo balikubali, na pasta angali anashangaa. Hatuombe ruhusa kwa ile. Batoto hawataingia tena mu darasa yenye ufa.

Programu yenu inasema sasa Tata Directeur na bakubwa bataingia mu darasa kutia karte, na kungoja baruti ya midi, juu batu ya picha bapate kuona taa haizimike. Ni karibu midi. Mungu akubariki, Tata, akulinde pamoja na wote wenye kuingia na wewe, na mukono yake ishikilie ile ukuta.

Sisi tutabakia hapa inje na batoto. Mukiona ni salama, mutuite.

Ni sisi,
Bamama Bazazi ya Darasa ya Kwanza, Camp Mukuyu