Silanga Yenye Kona Nne

Benchi la Nurto, muuza kahawa, liko Kitengela, mbele ya duka la vyuma. Juu ya duka kuna ofisi inayochora ramani za ukame kwa picha za rada kutoka angani. Mchoraji ni Dennis, ambaye hapa benchini anaitwa Satelaiti. Jumanne saa nne asubuhi alishuka na laptopu. Ramani yake mpya ilisema silanga ya Mashuuru, bwawa la kunywesha mifugo, imejaa. Lori la maji lililopangiwa Mashuuru likabadilishiwa safari, liende Bisil.

— Imejaa na mvua gani? aliuliza Bulle, mchuuzi wa mbuzi.

— Rada haijali mvua, mzee. Inatuma mawimbi chini. Penye maji, mawimbi yanateleza, hayarudi, picha inatoka nyeusi. Ona.

Tuliona doa jeusi.

— Silanga gani iko na kona nne? Bulle akauliza.

— Ya kisasa, alijibu Mugo, aliyekuwa karani wa stoo jeshini na hapa huitwa Jenerali. — Ama hayo maji yako chini ya ardhi. Rada ya jeshi inaona mita mia mbili.

— Basi ng'ombe wapewe kamba ndefu, alisema Bulle.

— Ama ni mafuta. Watu wa huko wamenyamaza wasinyang'anywe mashamba.

— Jenerali, ni maji, alisema Dennis. — Programu iko sure asilimia tisini na sita.

— Na ng'ombe watakunywa hiyo nne iliyobaki? Bulle akauliza.

Mwanamke akasimama mbele yetu, vumbi hadi magotini, akatusalimu kwa Kimaasai.

— Sopa.

— Ipa, Yeyo. Keti, alisema Nurto, akimsogezea kahawa.

Hakuketi. Alikuwa Nashipae, wa Mashuuru. Ng'ombe wake saba walikuwa wamekufa. Tisa waliobaki hawakuweza kusimama. Alitaka kujua lori limekwama wapi.

Dennis akamgeuzia laptopu.

— Lakini mama, hapa muko na maji.

Nashipae aliweka kidole kwenye doa jeusi.

— Hapo ni uwanja wa mpira. Silanga ilikauka Januari. Vijana wakapitisha trekta, ikalala laini kama meza. Jumamosi ilikuwa fainali.

Dennis aliweka kikombe chini.

— Ardhi ikiwa laini hivyo, alisema polepole, pia hairudishi mawimbi. Inatoka nyeusi.

— Kama maji, Bulle akasema.

— Kabla muandike kuna maji, Nashipae aliuliza, nani alikuja kuangalia?

Ng'ambo ya barabara lori la maji liliwasha injini, likashika njia ya Bisil.