Wifi Aliyeutia Mkono Kinywani mwa Mamba

Ndugu zangu katika Kristo, wengi mlishasikia kwamba nilikamatwa na mamba. Hayo ni ya mto, kila mtu hapa ana yake ya kusimulia. Leo nimesimama kuungama yaliyotangulia, na yaliyofuata.

Mnajua desturi yetu. Mafuriko yakipungua, kila nyumba hutengeneza kipande chake cha ua wa miti pale tunapoteka maji, mamba asipite. Kipande changu kimepakana na cha wifi yangu, dada wa mume wangu. Mwaka ule tulikuwa hatusemezani, kwa sababu alisema harusini kwamba samaki wangu ana mchanga. Nawaambia kweli, mchanga ulikuwepo. Lakini nilinuna miezi minne.

Mume wangu alikuwa amekwenda Kipini kwa kazi, basi ua ukawa juu yangu. Kuufunga kunataka watu wawili, mmoja ashike mti, mwenzake akaze kamba. Wa karibu alikuwa wifi, na mimi kumwita yeye? Thubutu. Nikachomeka miti miwili matopeni, nikaiacha bila kamba, nikasema yatosha.

Siku ya tatu asubuhi nikashuka na mtungi. Mamba alipita palepale kwenye miti yangu, akanidaka mguu. Wifi alikuwa anafua ukingoni. Hata hakuita wanaume. Alijitosa, akausukuma mkono wake kinywani mwa yule mnyama mpaka kooni, maji yamwingie aachie, jinsi tulivyofundishwa na wazazi. Mamba akaniachia mimi, akamng'ang'ania yeye mpaka watu walipofika na mikuki.

Dresa, yule mtibabu wa zahanati, alikuja kwa boti. Mguu wangu aliushona. Mkono wa wifi ilibidi aukate.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoanguka hasa. Nilijifungia ndani, kanisa nikaacha. Nikifumba macho niombe, naiona ile miti. Akina mama waliniletea maji na uji, nami nikapokea nimegeukia ukuta, hata asante sikusema.

Mpaka wifi akaja mwenyewe. Akasukuma mlango, akakaa kitandani bila kukaribishwa. Ndivyo alivyo, mnamjua.

"Ua sikuufunga," nikamwambia. "Ni hasira juu yako."

"Najua. Niliiona ile miti kabla sijaruka."

"Na bado ukaruka?"

"Nilimtaka wifi yangu. Mkono nimekubali uende. Sasa na wifi naye nimkose?"

Nililia mpaka leso ikalowa. Miaka yote nimeimba habari za msalaba humu ndani, na sauti yangu mnaijua ilivyo kubwa, lakini siku ile ndiyo niliyoelewa. Bwana Yesu alituona vizuri, akatujua tulivyo, akajitoa. Hakujitoa ili tujifiche kwa aibu. Alitutaka sisi. Jumapili iliyofuata nilichechemea mpaka hapa, wifi amenishika kiuno kwa mkono uliobaki, na nikaimba.

Akina mama mlionipikia uji, leo nawageukia: asanteni. Dresa, Mungu ambariki popote alipo. Na wewe wifi, usiniangalie hivyo, namaliza.

Kama kuna mtu humu anajificha kwa jambo alilolifanya, atoke. Asingoje kwanza awe mwema. Mimi nilipendwa nikiwa bado nimenuna.