Mitri Sweilem na Safari ya Kuona Mvua ya Agosti

Abuna Tuma, padre wetu, wazee wa ukoo, jamaa mliotoka Karak na Amman, majirani wa mtaa wetu hapa Madaba, na nyinyi mliofika kwa sababu mlisikia kuna mansafu, wali na nyama ya kondoo, nanyi pia karibuni, msiba ni wa wote, mimi ni Farah, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yangu, baada ya kuniapisha mbele ya mama zangu wadogo watatu kwamba sitafanya mzaha, nami niliapa, nao hawakuniamini.

Marehemu Mitri Awda Sweilem, ambaye wengi wenu mnamwita Abu Awda, alizaliwa hapa Madaba tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa pili wa mzee Awda Sweilem na mama yetu Kafa, na mama alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu hakulia alipozaliwa, alikunja uso na kuangalia taa ya dari, kama mtu anayejiuliza waya wake umepita wapi.

Alisoma katika shule ya parokia kuanzia mwaka 1963, akapendwa na walimu wote isipokuwa yule wa fizikia, ambaye saa yake ya mkononi marehemu aliomba kuitazama, akairudisha kesho yake ikiwa safi, inang'aa, inatembea vizuri sana, ila ikirudi nyuma.

Alipomaliza shule aliingia jeshini kwa lazima ya sheria mwaka 1976, akapewa kazi ya udereva kusini, huko Maan, na huko ndiko alikokutana na mapenzi yake ya kwanza, Landrova kuukuu ya rangi ya vumbi, naomba mjane wake, Umm Awda, anisamehe, lakini yeye mwenyewe analijua hilo na amelitaja mara nyingi, hasa akiwa na sufuria mkononi. Mwaka 1979 alirudi Madaba akajiunga na karakana ya michoro ya vijiwe, akafanya kazi hiyo hadi alipostaafu mwaka 2017, kazi ya kuinama juu ya sakafu za makanisa ya kale, kupanga vijiwe vidogo kama punje za dengu, kujaza mahali ambapo swala amepoteza mguu au malaika amepoteza pua, na kazi hiyo ilimfundisha jambo moja ambalo lilitawala maisha yake na kututesa sisi wengine, kwamba kitu chochote kilichopungua kinaweza kukamilika, mradi mwenyewe hana haraka.

Ndugu waombolezaji, sasa nafika kwenye ndoa, na siwezi kuieleza ndoa bila injini.

Mwaka 1986 marehemu alipata Landrova iliyochakaa kutoka kwenye magari yaliyotupwa na jeshi, akaileta nyumbani juu ya lori, ikiwa na bodi, chesisi na usukani, basi, ndani yake hamna injini wala giaboksi, na baba yetu alipoiona alisema, "Mwanangu, umeniletea kabati." Marehemu akatafuta injini nchi nzima, hadi akasikia kwamba kule kijijini Smakiya mzee Fleih, Abu Sakher, Mungu amrehemu, ana Landrova ya umri uleule, injini nzima, giaboksi nzima, na ndani yake wanalala kuku. Watu wawili walikuwa wamekwenda kabla yake kuiomba wakafukuzwa, kwa sababu kuku wale, alisema mzee Fleih, walikuwa wamezoea.

Basi marehemu akafikiri kama mtu wa kwetu anavyofikiri, kwamba mtu mmoja anaweza kukataliwa, ila ujumbe wa wazee hauwezi, maana wazee wakiingia nyumbani kwako, wakamiminiwa kahawa, msemaji wao akaweka kikombe chini bila kukigusa, hapo hakuna mchezo tena, ama unasema "Kunywa, umepewa," ama jina lako linazungumzwa hadi Akaba. Akakusanya wazee, wakavaa majoho, na msemaji akawa mjomba wetu Ghishan, ulimi wa dhahabu, ambaye kwa miaka ishirini alikuwa ameongoza ujumbe wa posa na hakuna kingine, kwa hiyo alikuwa na hotuba moja tu.

Tarehe 9 Mei 1987 wakaingia Smakiya, kahawa ikamiminwa, mjomba Ghishan akaweka kikombe chini, akaanza na ukoo wetu tulikotoka, akaja kwa marehemu babu, akaja kwa Mitri, kijana mpole, kazi yake ya mikono, afya yake, meno yake, nia yake njema iliyotuleta katika nyumba hii tukufu, na marehemu amekaa pembeni kwenye shati jeupe, jasho linamtoka, anasubiri mjomba aifikie injini, na kabla hajaifikia mzee Fleih akasimama, machozi machoni, akanguruma, "Kunyweni kahawa yenu, jamaa! Binti ni wenu!" Na nyuma ya pazia vigelegele vikapasuka.

Sasa niambieni, katika hao wazee wote, ni nani angesema, samahani mzee, sisi tulikuja kwa ajili ya banda la kuku?

Wakanywa. Njiani kurudi marehemu alisema kwa sauti ya mtu aliyegongwa, "Mjomba, mimi nilitaka injini!" na mjomba Ghishan akajibu bila kugeuka, "Nilikuwa naifikia, mwanangu. Iko mwishoni."

Lakini binti mwenyewe, Nijmeh, alipoulizwa na baba yake alisema ndiyo papo hapo, na wiki iliyofuata, walipokalishwa pamoja, mama yake akiwa katikati na sinia la biskuti, alimtazama marehemu usoni akamwambia, "Wewe ulikuja kwa injini. Nilikuona dirishani, macho yako hayakutoka bandani." Marehemu, ambaye hakujua kudanganya hata kwa adabu, akasema, "Ni kweli. Nilikuja kwa injini." Mama mtu akadondosha sinia. Nijmeh akacheka hadi akashika ubavu, akasema, "Basi chukua vyote viwili, ila mimi nina sharti. Hapa kwetu maji yanakuja na lori. Binamu yangu anafundisha Omani, anasema kule Salala mwezi wa Agosti, wakati sisi huku tunapikika, mvua inanyesha laini kama unga unaochekechwa, milima yote kijani, ngamia wanapita ndani ya ukungu. Gari hilo lililokuleta kwetu bila kuniwazia mimi, litanipeleka nikaione mvua ya Agosti." Marehemu akaweka mkono kifuani akasema, "Umepewa."

Walifunga ndoa Jumapili tarehe 23 Agosti 1987, na zawadi ya mzee Fleih ilikuwa injini na giaboksi, pamoja na kuku mmoja aliyekataa kushuka. Wakajaliwa watoto wawili, Awda, aliyezaliwa mwaka 1989, na Ghusun, aliyezaliwa mwaka 1992, na katikati ya hao Nijmeh, sasa Umm Awda, alinunua mwavuli wa bluu, akautundika nyuma ya mlango wa jiko, kwa ajili ya Salala.

Ndugu zangu, Landrova ile ilikamilika Julai 1993. Nasema ilikamilika, mimi mwenyewe niliipanda, tulizunguka nayo uwanja wa kanisa mara tatu, njia ikachorwa kwenye ramani, Maan, Tabuk, Riyadh, kisha ukingoni mwa jangwa lile kubwa hadi Salala, zeituni ikafungwa, jibini ikafungwa, na siku mbili kabla ya safari akaingia Abu Sabri, muoka mikate, akakaa, akamiminiwa kahawa, akaiweka chini. "Abu Awda," akasema, "gari langu la mikate linachemka kama birika, na watu hawali bila mkate. Naomba rejeta."

Marehemu alikitazama kikombe, akamtazama mkewe aliyesimama mlangoni, akakumbuka kwamba mke huyo mwenyewe alipatikana kwa kikombe cha namna hiyo, akasema, "Kunywa, Abu Sabri, umepewa." Kisha akaenda jikoni akasema, "Mwakani, Nijmeh." Akatafuta rejeta nyingine hadi akaipata Zarka mwaka 1996, na Abu Sabri, unaniona nakutazama, ulirudi ukaiomba na hiyo, kwa kikombe kilekile.

Mwaka 1998 akaja Abuna Tuma, kwamba basi dogo la parokia linalobeba wazee haliwaki, akaweka kikombe chini akaomba dinamo, na nani atamnyima padre? Mwakani, Nijmeh. Mwaka 2004 akaja Naif, kinyozi, kiti chake kimevunjika mguu, akaweka kikombe chini, akaomba kiti cha mbele cha abiria, yaani kiti cha Umm Awda mwenyewe, na nusu ya wanaume waliomo humu leo wamenyolewa juu yake, jishikeni visogo. Mwakani.

Hapo Umm Awda akapiga marufuku. Kuanzia mwaka 2005 katika karakana ya nyumba ile kahawa haikuingia, mgeni akija anapewa chai ya nanaa yenye sukari nyingi, kwa sababu juu ya chai hakuna ombi linalomfunga mtu, na kwa miaka miwili tukapumua, vyuma vidogo vilivyopungua vikapatikana kimoja kimoja, hadi akaja binamu yetu Fawwaz, akakaa, akatabasamu, akatoa chupa ya kahawa kwenye mkoba wake, akatoa kikombe mfukoni, akajimiminia mwenyewe, akaweka chini. Umm Awda akapiga kelele kutoka ngazini, "Fawwaz, hiyo ni kahawa ya nyumbani kwako! Muombe mkeo!" Lakini marehemu alikuwa ameshafumba macho. Tairi la akiba likaenda, na leo hii ni bembea ya wajukuu wa Fawwaz.

Nisije nikawapotosha, marehemu hakuwa mjinga, na hakuwa mnyonge. Nilimuuliza mara moja, kwa hasira, "Kaka, kwa nini huwezi kusema hapana?" akajibu akiwa chini ya gari, nikiona miguu yake tu, "Farah, nyumba ile nilikwenda kuomba chuma, wakanipa mtu. Sasa mimi nitamnyima mtu chuma?"

Mwezi wa Oktoba 2021 marehemu alianza kusumbuliwa na moyo, akatibiwa Amman chini ya uangalizi wa daktari Lamis, ambaye alimkataza kuinua kitu chochote kizito kuliko sinia la chai, na marehemu akauliza, "Giaboksi ikiwa tupu, je?" Alilazwa mara mbili, mwaka 2022 na mwaka 2023, na kila aliporuhusiwa alipitia karakana kwanza, kitanda baadaye. Jumamosi tarehe 10 Februari mwaka huu wa 2024, baada ya ukimya wa miaka mingi, injini ya mzee Fleih iliwaka, ikanguruma muda mfupi tu, kwa kuwa haina rejeta, na mtaa mzima ukatoka nje. Jumapili asubuhi, akila mtindi na zeituni, alimwambia mkewe, "Imebaki vitu vinne tu, Nijmeh, na kila kimoja najua kilipo." Akamwambia, "Basi nenda kaviombe." Akasema, "Mimi ndiye niliyetoa. Nitavidaije?" Akaomba mkate zaidi, na mkate ulipoletwa alikuwa ameinamisha kichwa, ametulia, kama alivyoinama maisha yake yote juu ya kazi yake. Alikuwa na umri wa miaka sitini na sita. Mwavuli wa bluu bado uko nyuma ya mlango, na karatasi ya dukani haijatolewa.

Familia inamshukuru daktari Lamis na wauguzi wote kwa subira yao, inawashukuru wenzake wa karakana ya vijiwe waliolibeba jeneza asubuhi hii na kulipitisha mlangoni bila kuligonga, kama sakafu ya kanisa la kale, inawashukuru majirani waliovumilia nyundo kwa miaka thelathini na saba, inamshukuru Abu Sabri kwa mkate wa leo, Abuna Tuma kwa misa, Naif aliyemnyoa marehemu kwa mara ya mwisho na machozi yakimdondoka, na Fawwaz kwa viti hivi mlivyokalia.

Na sasa mniwie radhi, maana hili halimo katika maandishi niliyopewa, na Umm Awda halijui, na ananitazama kwa jicho ninalolifahamu. Marehemu hakuweza kudai alichotoa. Mimi sikutoa kitu. Mimi ni mgeni katika ukumbi huu kama nyinyi, nimemiminiwa kahawa hii chungu ya msiba kama nyinyi, na kikombe changu hiki hapa, mnakiona wote, nakiweka mezani, sijakigusa.

Sina hotuba ya mjomba Ghishan, naanzia mwishoni. Naomba rejeta. Naomba dinamo. Naomba kiti, Naif, hata kikiwa na nywele. Naomba tairi la akiba, wajukuu watafungiwa tairi jingine. Ghusun atazifunga bolti kama baba yake alivyomfundisha, na Ghusun ndiye atakayeendesha, na mwezi wa Julai shemeji yangu Nijmeh, binti wa Fleih, atakaa kwenye kiti chake, mwavuli magotini, aende akaione mvua yake ya Agosti. Kahawa inapoa, jamaa. Mimi siondoki.

Nawe kaka yangu Mitri, lala utulie, mikono yako imefanya kazi ya kutosha, na siku moja asubuhi ukisikia honi mbele ya makaburi, usihangaike kuamka utazame kuna nini kimelegea, ni Nijmeh anakuaga.